Kuchagua Rangi ya Mwisho ya Boti ya Faiba: Mwongozo kwa Wenye Boti wa Mtwara na Lindi

Boti nyingi za faiba zinazofanya kazi kati ya Kilwa na Msimbati hufikia siku ambayo ubavu wake umepauka, kiganja kikipitishwa juu yake kinatoka na unga mweupe, na mwenye boti anaanza kuulizia rangi madukani. Makosa mengi huanzia hapo, kwa sababu rangi huchaguliwa kwa kutazama kopo na mng'ao wa sampuli, ilhali mambo mawili yanayoamua kama rangi hiyo itadumu hayapo dukani. La kwanza ni mahali boti inapolala. La pili ni kile ambacho tayari kimo juu ya faiba. Bei huja baada ya hayo, na mara nyingi mwenye boti aliyeyachunguza hayo mawili hugundua kwamba anahitaji rangi kidogo kuliko alivyodhani.

Boti inalala wapi?

Boti inayovutwa hadi juu ya ufukwe kila inaporudi haina shida sawa na boti inayofungwa kwenye boya mwezi hadi mwezi katika ghuba ya Mikindani au ya Lindi. Katikati yake ipo boti iliyo ya kawaida zaidi kwetu, ile inayoelea maji yakijaa na kukaa mchangani maji yakipwa. Ya kwanza huliwa na mchanga na jua. Ya pili huliwa na maji yenyewe, yanayopenya polepole ndani ya rezini (gundi iliyogandisha nyuzi za faiba), na viumbe wanaonata chini yake. Ya tatu huliwa na vyote hivyo kwa pamoja.

Wajenzi wa majahazi walikuwa na jibu la jambo hili kabla faiba haijafika pwani: chini ya mstari wa maji walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama, na mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya samaki. Boti ya faiba nayo ina maeneo mawili, na hakuna rangi moja inayofaa kote. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, iweke boti majini ikiwa na mashine, mafuta, barafu na nyavu kama inavyokwenda kazini, uchore alama ya maji kwenye omo, ubavuni na kwenye shetri. Mpaka wa rangi ya chini uwe sentimita 5 hivi juu ya alama hiyo. Mstari uliopimwa boti ikiwa tupu utazama siku ya kwanza ya kazi, na rangi ya juu itakuwa inakaa ndani ya maji ambayo haikutengenezwa kukaa.

Kuchunguza kilichopo

Osha boti kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina maji ya magadi au ya chumvi, na maji hayo hayafai kwa suuza ya mwisho, kwa sababu chembe za chumvi zikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuinua malengelenge. Ni afadhali kubeba madumu ya maji ya bomba kwa kazi hiyo moja.

Boti ikikauka, pita ukiigonga kwa mpini wa bisibisi au kwa sarafu. Faiba nzima hutoa mlio mkavu na mkali. Panapotoa mlio mzito na uliofifia pana tabaka zilizoachana au maji yaliyonaswa, na hapo ni kazi ya fundi wa faiba kwanza, rangi baadaye. Tazama pia nyufa nyembamba kwenye pembe na mahali mashine inapofungwa. Nyufa zilizotawanyika juu juu ni za jelikoti peke yake, yaani lile tabaka la nje la rezini yenye rangi ambalo boti hutoka nalo kiwandani, lenye unene wa takriban nusu milimita. Ufa unaofuata mstari mmoja na kufunguka boti inapokanyagwa umeingia hadi kwenye faiba.

Chini ya mstari wa maji tafuta malengelenge. Toboa moja kwa ncha ya kisu, ukiwa umekinga macho, kwa kuwa kimiminika cha ndani huwa na mgandamizo. Kikitoka kimiminika chenye harufu ya siki na utelezi kidogo, maji yameshapenya jelikoti na kuanza kuozesha rezini. Rangi yoyote itakayopakwa juu ya hali hiyo itanyanyuliwa. Malengelenge yote yafunguliwe kwa msasa au grainda, yaoshwe kwa maji baridi mara kwa mara, kisha boti iachwe ikauke kwa wiki kadhaa chini ya kivuli.

Ili kujua kama imekauka, bandika kipande cha nailoni angavu cha ukubwa wa kurasa mbili za daftari, uzibe kingo zote nne kwa tepu, ukiache usiku na mchana mahali pasipo na jua kali. Matone yakionekana upande wa ndani, subiri.

Kipimo cha mwisho ni cha rangi ya zamani, kama boti iliwahi kupakwa. Lowesha kitambaa kwa thina kali, kibandike kwenye rangi kwa dakika 10, kisha sugua. Rangi ikilainika na kutoka kwenye kitambaa, ni rangi ya kopo moja, na rangi ya kuchanganya na hadina (kimiminika cha kopo la pili kinachoigandisha) haiwezi kupakwa juu yake, maana thina yake itaikunja ile ya chini kama ngozi iliyoungua. Isipolainika, chora miraba midogo kwa wembe, bandika tepu ngumu na uivute ghafla. Vipande vikitoka na tepu, rangi yote ya eneo hilo iondolewe, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Huenda haihitaji rangi kabisa

Jelikoti iliyopauka bado si jelikoti iliyokufa. Jua hula sehemu ya juu tu, na chini ya ule unga mara nyingi kuna tabaka zima. Chukua eneo la mraba mmoja wa nusu mita, ulisugue kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1000, halafu 1500, umalizie kwa kampaundi ya kung'arishia na nta. Mng'ao ukirudi na rangi ikawa sare, fanya hivyo boti nzima na fedha ya rangi ibaki mfukoni. Ukianza kuona weusi au nyuzi za faiba kwa mbali, jelikoti imekwisha na uchaguzi wa kweli unaanza. Kwa maoni yangu, boti nyingi za chini ya miaka kumi zinazopakwa rangi zingetosheka na kazi hii. Nazo zikishapakwa, mwenye boti amejifunga kupaka tena kila baada ya miaka.

Chaguo za sehemu ya juu ya maji

*Rangi ya mafuta ya kopo moja* ndiyo rahisi kupatikana na kupaka. Huhitaji kuchanganya na chochote, na mwenye boti anaweza kuigusiagusia mwenyewe. Katika jua letu tegemea mwaka mmoja hadi mitatu kabla haijapauka, na usiipitishe chini ya mstari wa maji. Kwa boti inayogongana na nyingine kila asubuhi ikishusha samaki, si chaguo la kudharau: itachubuka tu, na kuirekebisha ni kazi ya nusu siku.

*Jelikoti mpya* inastahili maelezo marefu, kwa sababu mafundi wengi hulikimbilia chaguo hili kwa kuwa ndilo la asili. Faida yake ni unene. Tabaka la nusu milimita huvumilia kuburutwa, na mkwaruzo wake hujazwa kwa jelikoti ileile na kusuguliwa hadi usionekane. Ni chaguo zuri kwa kiraka, kwa pembe na kwa mkuku, yaani uti wa chini ya boti. Kwa boti nzima hali hubadilika. Jelikoti iliyopakwa kwa brashi au rola nje ya kalibu hukauka ikiwa na mawimbi, na mawimbi hayo yote yanaondolewa kwa msasa, kuanzia namba 220 hadi 1000 na zaidi, kabla ya kung'arisha. Anayekubali bei ya fundi bila kuuliza nani atasugua atajikuta na boti yenye sura ya ganda la chungwa.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiwa inagusa hewa; hubaki ikinata. Nunua ile iliyotiwa nta kwa ajili ya mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la kupaka, na ukipaka mkono mwingine juu ya wenye nta lazima usugue kwanza. Pili, jelikoti haishiki vizuri juu ya epoksi, rezini ya aina nyingine inayochanganywa na hadina yake, kwa hiyo sehemu iliyorekebishwa kwa epoksi ipakwe rangi. Kinyume chake hakina tatizo: epoksi hushika vizuri juu ya faiba ya zamani na juu ya jelikoti. Tatu, hadina yake ni peroksidi, na kiwango ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Siku ya joto kaa karibu na 1, lakini usishuke chini yake, kwani jelikoti iliyopungukiwa hadina haitakomaa hata ukisubiri mwezi. Rezini ikiwa inauzwa na kiharakisha cha kobalti pembeni, kiharakisha kichanganywe kwanza na rezini hadi kipotee ndani yake, ndipo hadina iingie. Kobalti na peroksidi zikigusana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka moto, na tone la peroksidi jichoni linaweza kupofusha.

*Rangi ya poliyuritheni ya makopo mawili* ndiyo ningeichagua kwa ubavu wa boti nyingi ambazo jelikoti yake imekwisha. Ni ngumu, inang'aa bila kung'arishwa, na ikitayarishwa vyema hukaa miaka mitano hadi kumi. Tabaka lake ni jembamba sana, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na kwa hiyo halifichi kitu: kila shimo na kila alama ya msasa itaonekana zaidi baada ya kupaka kuliko kabla. Chini yake inataka praima ya epoksi, yaani tabaka la kwanza la kuishikisha rangi.

Hadina ya rangi hii ina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu na inaweza kumfanya mtu apate pumu ya kudumu. Kuipulizia kwa bomba la rangi kunahitaji mpuliziaji apewe hewa safi kwa mpira kutoka nje. Barakoa ya kitambaa haina kazi hapo. Kwa sababu hiyo ninashauri rola na brashi, ambazo kwa watu wawili wenye subira hutoa ubavu mzuri usiohitaji bomba, na hata hivyo kwa barakoa yenye vichujio vya mvuke, glavu na mahali penye upepo wa kupita. Rangi za magari za makopo mawili zinazouzwa mijini ni za jamii hii na zinaweza kutumika juu ya maji, mradi praima yake iwe epoksi.

*Epoksi* yenyewe isiwe rangi ya mwisho popote panapopigwa na jua. Inazuia maji kuliko zote, lakini jua huigeuza kuwa chaki ndani ya miezi michache. Mahali pake ni chini ya nyingine.

Kuhusu rangi gani kwa macho, jibu ni fupi: nyeupe au ya kukaribia nyeupe. Ubavu wa bluu nzito au mweusi unaweza kuzidi nyuzijoto 60 juani, kiwango ambacho rezini ya kawaida ya faiba huanza kulainika na mistari ya mkeka wa nyuzi za ndani kujitokeza kwenye uso. Barafu nayo huyeyuka mapema. Anayependa rangi nzito apake mstari mmoja chini ya ukingo.

Chini ya mstari wa maji

Boti inayovutwa ufukweni kila siku haihitaji antifaulingi, ile rangi yenye sumu ya kuzuia mwani na viganda. Viumbe hao hawapati muda wa kushika, na mchanga utaifuta rangi hiyo ndani ya wiki chache. Fedha yake itumike kuongeza tabaka mbili za faiba na rezini chini ya mkuku, sehemu inayoburutwa, kisha jelikoti juu yake.

Boti inayokaa kwenye boya inahitaji vyote viwili: kinga ya epoksi yenye unene wa jumla wa takriban mikroni 300, ambayo kwa kawaida ni mikono mitano au sita, na antifaulingi juu yake. Kwa boti hiyo chagua antifaulingi inayojimenya yenyewe polepole inapotembea, kwa kuwa kila inapomenyeka hufungua sumu mpya na haiachi rundo la tabaka za zamani. Boti inayokaa mchangani maji yakipwa iwekewe aina ngumu, maana ile laini itabaki ufukweni kidogo kidogo kila bamvua.

Antifaulingi nyingi hutumia oksidi ya shaba. Usiipake kwenye mguu wa mashine wala kwenye alumini yoyote. Shaba ikikutana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Rangi zenye misombo ya bati zilizotumika zamani zimepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008, baada ya kuonekana zinaharibu konokono na chaza. Hata hii ya shaba isikwanguliwe kavu, kwa sababu vumbi lake ni sumu. Isugue kwa msasa wa maji juu ya turubai na ukusanye matope yake, kwani palepale ufukweni maji yakipwa kina mama huja kuokota chaza na kuchokoa pweza. Kwa walio Msimbati na vijiji vya jirani, ambako hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, jambo hili ni zito zaidi.

Msimu na saa ya kazi

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kwa hiyo kazi hii ni ya kipupwe, Juni hadi Septemba. Msimu huo una kero zake. Kusi huvuma mchana na kubeba mchanga, na huo ndio wakati wakulima wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi ambalo husafiri mbali na kukaa juu ya rangi mbichi. Ulizia mashamba ya jirani yanapuliza siku gani. Usifanye kazi chini ya mwembe au mkorosho kwa ajili ya kivuli, kwa maana maua na utomvu vitaanguka. Simamisha turubai au banda la makuti lenye kuta upande wa kusini.

Unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na ubavu wa boti uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutokea. Asiye na kipimo apitishe kitambaa kibichi ubavuni: unyevu usipokauka ndani ya robo saa, asipake. Kwa kawaida hii ina maana ya kuanza saa tatu asubuhi, umande ukishaondoka, na kuweka brashi chini saa saba mchana ili rangi ipate muda kabla ya umande wa jioni. Poliyuritheni ikiguswa na umande ingali changa hupoteza mng'ao wote, na usiku mmoja hutosha.

Kutayarisha na kupaka

Piga picha namba ya usajili na upime ukubwa na mahali ilipo kabla ya kugusa msasa.

Ondoa nta na mafuta kwanza, kisha ndipo usugue. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itajikunyata na kuacha vishimo vya duara. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye kiondoa mafuta, kingine kikavu kinachofuata mara moja kabla ya kiowevu kukauka, na ubadilishe vyote viwili kila baada ya mita moja. Mwagia maji. Yakitandaa kama utando mmoja, pamesafika. Yakijikusanya matone, rudia.

Sugua kwa msasa namba 80 hadi 120 kwa ajili ya praima ya epoksi, jaza mashimo kwa fila ya epoksi (fila ya bodi za magari hunywa maji, isitumike chini), kisha praima mikono miwili. Epoksi ikikauka huweza kutoa utando wa nta nta. Uoshe kwa maji na sponji ngumu kabla ya kusugua. Maliza na namba 220 hadi 320. Kopo la praima huandika muda wa kupaka rangi juu yake bila kusugua tena. Muda huo ukipita, hata kwa saa chache, sugua.

Kiasi cha rangi hupatikana kwa hesabu nyepesi: jumlisha urefu na upana, zidisha kwa 2, kisha kwa kimo cha ubavu. Boti ya mita 7 kwa 2 yenye ubavu wa sentimita 80 ina mita za mraba 14.4. Lita moja ya poliyuritheni hufunika takriban mita 10 za mraba, hivyo mikono mitatu inataka lita 4.3, nunua 5. Jelikoti ya nusu milimita kwa ubavu huohuo ni lita 7.2 kabla ya kuhesabu kinachopotea kwa msasa.

Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kumalizika kwa dakika 20 au 30, kwa kikombe chenye alama za vipimo. Kupima hadina kwa kifuniko cha soda ndiko kunakozaa boti yenye mabaka laini na magumu. Joto likiongezeka nyuzi 10, muda wa mchanganyiko kufaa hupungua kwa takriban nusu. Mmoja atangulie na rola ya sponji yenye vinyweleo vifupi, apake ukanda wa upana wa nusu mita kutoka juu hadi chini. Wa pili amfuate papo hapo kwa brashi laini iliyolowa kidogo tu, akiipitisha kwa ncha, wima, bila kukandamiza. Wasirudi nyuma. Tone lililoteremka baada ya dakika tano liachwe hadi kesho lisuguliwe, kwani kuligusa hutengeneza kovu kubwa kuliko lenyewe. Brashi ikianza kuvuta, mchanganyiko huo umekwisha hata kama kikombe kimejaa nusu.

Poliyuritheni hushikika baada ya siku moja, lakini ugumu wake kamili huchukua takriban wiki. Katika wiki hiyo boti isifungwe mapira ya pembeni wala kuegemezwa kwa magunia, ambayo huacha alama. Antifaulingi hupakwa mwisho, na kopo lake huonyesha muda wa chini na wa juu kabla ya kuingia majini. Zile sehemu tupu mbili au tatu zilizobaki chini ya vigogo vilivyoshikilia boti zipakwe siku ya kushusha, baada ya kuhamisha vigogo.

Rangi iliyobaki bila kuchanganywa ifungwe vizuri na kuwekwa kivulini. Hadina ya poliyuritheni ikishafunguliwa huharibiwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo ikianza kuwa na ukungu au mabonge isitumike tena. Andika kwenye ubao wa ndani ya boti, mahali pakavu, aina ya praima, namba ya rangi na mwezi wa kupaka, ili fundi atakayekuja kuweka kiraka asilazimike kuanza tena na kitambaa cha thina.